Vichaka vya Australia kwa bustani ya jua kali: kipi kinafaa?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo nina miche mitatu yenye asili ya Australia: Eremophila nivea, Grevillea na Callistemon. Yote nimeikuza kwenye udongo mkavu, jua la kutwa nzima, kwa hiyo nawaambia nilichokiona.

Naanza na Eremophila, kipenzi changu. Jina limetoka kwenye Kigiriki, maana yake mpenda jangwa. Ngoja nisogeze jani kwenye kamera. Mnaona weupe huu? Si vumbi wala ukungu. Ni vinyweleo vilivyosongamana kama sufu, vinarudisha mwanga wa jua na kupunguza maji yanayopotea. Sasa shuka na mimi hadi shinani. Hili fundo ni mahali mche ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa, juu ya shina la Myoporum, jamaa yake anayevumilia udongo mzito. Kama udongo wako ni mfinyanzi, chukua mche wa kubebesha hata kama bei imezidi. Chipukizi likitokea chini ya fundo, likate siku hiyohiyo, la sivyo Myoporum itaumeza mche wote. Kule Port Augusta, Australia Kusini, kuna bustani ya mimea ya nchi kame iliyofunguliwa mwaka 1996, na Eremophila zimejaa tele.

Grevillea je? Maua yake yana nekta nyingi, ndege hawabanduki. Lakini hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana ndipo watu wengi wanapopoteza miche. Udongo wa Australia ni mkongwe, na sehemu kubwa ina fosforasi kidogo mno. Grevillea imejizoesha: mizizi yake huota vishada vya vijizizi vyembamba kama brashi, vinavyotoa asidi za kuibandua ile fosforasi chache iliyonata kwenye udongo. Mzizi wa namna hiyo ukiumwagia DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, unafyonza kupita kiasi na mmea unapata sumu. Mimi niliipa Grevillea yangu ya kwanza mbolea ileile ya mboga. Majani yakageuka manjano, kingo zikaungua kama zimepitiwa na moto, mche ukafa. Iliniuma sana, kwa sababu nilidhani nautunza. Samadi ya kuku nayo ina fosforasi nyingi, iweke mbali.

Callistemon, huyu mwenye maua kama brashi ya kusugulia chupa, ndiye mvumilivu kuliko wote. Hata maji yakituama kidogo hasusi. Ila ukame ukizidi, hachanui kama Eremophila. Mpogoe mara maua yanaponyauka, atajaa matawi.

Na hili neno "hustahimili ukame" lisikudanganye. Mche mchanga hauna mizizi ya kufika chini. Panda msimu wa joto unapokatika, tandaza vipande vya magome bila kugusa shina, na kiangazi cha kwanza mwagilia kwa kina, kisha uache udongo ukauke kabla ya kurudia. Kunyunyizia kidogokidogo kila siku kunaibakiza mizizi juujuu, na huko ndiko joto linakoikaangia.

Kwa bustani kavu kwelikweli, mimi nachukua Eremophila. Kabla ya kulipa, inua chungu utazame matundu ya chini: mizizi ikiwa imejizungusha na kutokeza nje, rudisha, chagua mche mdogo kuliko huo.