NixOS, Silverblue au Guix kwenye kompyuta ya kazi?

Zote tatu ni aina za Linux, na ninachotaka ni kimoja: nikisasisha programu usiku na mambo yakaharibika, niweze kurudi nilikokuwa kabla hasira hazijapanda. Kwa kipimo hicho, mtindo wa kawaida wa apt, kisakinishi cha programu cha Debian na Ubuntu, haunitoshi. Kifurushi kipya (programu pamoja na faili zake) hukalia faili za kile cha zamani, na kurudi nyuma kunakuwa kazi ya kubahatisha.

Niliyobaki nayo ni NixOS. Kila kifurushi kinawekwa ndani ya /nix/store, kwenye folda ambayo jina lake linaanza na msururu wa herufi na tarakimu uliokokotolewa kutokana na vyote vilivyotumika kukijenga. Matoleo mawili ya maktaba ileile (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) hukaa humo bila kugombana. Mfumo mzima unauandika kwenye faili, configuration.nix: watumiaji, huduma, fonti, hata ulinzi wa mtandao. Ukiendesha nixos-rebuild switch, kizazi kipya, yaani toleo zima la mfumo, kinajengwa, na cha zamani kinabaki kwenye menyu ya kuwashia. Kipya kikigoma, unachagua cha jana, basi. Nikipata kompyuta nyingine naipa faili hiyohiyo, nabadilisha mistari michache ya diski, na kila kitu kinajipanga.

Gharama yake ni lugha: faili hiyo inaandikwa kwa lugha ya Nix, zana ya vifurushi iliyo nyuma ya NixOS. Nix ilikuwa kiini cha utafiti wa udaktari wa Eelco Dolstra, Chuo Kikuu cha Utrecht, 2006, na bado inanukia maabara. Ujumbe wa makosa ni mrefu, halafu hauelekezi kwenye mstari uliokosea. Maelekezo mengi siku hizi yanatumia flakes (njia mpya zaidi ya kupanga miradi ya Nix), ambazo rasmi bado zinaitwa za majaribio (miaka yote hii!). Programu uliyoipakua ikiwa imejengwa tayari kwa Linux nyingine kwa kawaida haifunguki, kwa sababu maktaba haziko /usr/lib inakozitafuta. Hapo utahitaji nix-ld, zana inayoisaidia programu hiyo kupata maktaba zake. Diski nayo inajaa. Amri ya nix-collect-garbage -d inaisafisha, ila ujue inafuta vizazi vyote vya zamani, yaani njia yenyewe ya kurudi.

Asiyetaka kujifunza lugha ningempa Fedora Silverblue bila kusita. Kiini cha mfumo ni cha kusomwa tu na kinasasishwa kwa mkupuo kupitia zana ya rpm-ostree. Programu za skrini zinatoka Flatpak, mfumo wa programu zinazofanya kazi kwenye Linux yoyote, na zana za kuandikia programu zinakaa ndani ya toolbox, yaani kontena lililotengwa na mfumo. Kwangu inapungua mahali pamoja: inakurudisha kwenye mfumo uliopita, lakini mipangilio yako haijaandikwa popote ili uihamishe.

Vanilla OS 2, Linux nyingine ya 2024, inatumia sehemu mbili za diski kwa zamu wakati wa kusasisha. Wazo zuri, ila sikuona sababu ya kuiacha Silverblue kwa ajili yake.

Guix naipenda kuliko ninavyoitumia. Inaandikwa kwa lugha ya Scheme, na kwa macho yangu inasomeka vizuri kuliko Nix. Tatizo ni kerneli yake (moyo wa mfumo), Linux-libre, isiyobeba firmuwea za umiliki, yaani programu ndogo zisizo huria zinazoendesha vifaa, hivyo kadi nyingi za Wi-Fi hazisikiki kabisa. Angalia kadi yako kwanza.

Nix na Guix zote mbili husakinishwa pia juu ya Debian au Fedora uliyonayo. Anzia hapo, diski yako usiifute bado.