Fundi umeme wa magari wa Nyakato, Mwanza: anajua kazi, ila uende na kigoda chako

Nampa nyota nne. Ya tano nimeibana, na sababu yake nitaisema.

Gari langu ni Hilux ya 1996, injini aina ya 3L, imepita mikono mitatu kabla ya kunifikia. Nabebea kayabo kutoka Kayenze kuja soko la samaki la Mwaloni Kirumba, safari tatu au nne kwa wiki. Kwa asiyejua kayabo: ni sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa, na mzigo mwingi unakwenda Kongo. Ukimpakia kabla hajakauka sawasawa, anachuruza maji ya chumvi bodi nzima. Hayo maji ya chumvi tutakutana nayo tena.

Mwezi wa tano bodaboda mmoja alinifuata tangu Pasiansi, tulipofika Kona ya Bwiru akanigongea kioo. "Mama, taa za breki hamna! Nusura niingie kwenye samaki wako." Kesho yake trafiki naye akaona, elfu 30 ikaenda. Sikubishana. Gari la mzigo lisilo na taa za breki, unaanzaje kulitetea?

Nikaenda gereji moja, jina nalihifadhi. Vijana wachangamfu, bati zuri la kivuli, soda baridi. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Mmoja akachomoa globu, akaiinua juani, akasema imekufa, akaweka mbili mpya. Giza. Akasema basi ni swichi ya breki, ikaletwa mpya, ikafungwa, na kweli taa zikawaka. Nikalipa elfu 48. Siku ya pili, baada ya kurukaruka kwenye matuta ya kwenda Kayenze, zikazima. Niliporudi nikaambiwa nyaya zote zimechoka, zing'olewe kuanzia dashibodi hadi nyuma, laki mbili na ishirini. Nikawaambia ngoja nikatafute hela. Wanaonijua wanaelewa maana yake.

Huyu mzee nilielekezwa na mama mmoja anayeuza spea hukohuko Nyakato. Hana kibao. Ana mwarobaini, benchi, betri kuukuu na testa aliyoitengeneza mwenyewe kwa globu ya indiketa na nyaya mbili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea na uji wake. Alipomaliza ndipo akauliza: "Zilikufa zote siku moja, mama, au moja ilitangulia?"

Nikamwambia zote kwa pamoja.

"Globu hazifi siku moja kama zimeapizana. Tuanze na kinachozihusu zote mbili."

Akatazama fyuzi iliyoandikwa STOP, nzima. Akachukua fimbo yake, akaikaza kati ya kiti na pedali ya breki ili ibaki imekanyagwa, maana hana msaidizi. Akaniambia niwashe taa ndogo. Tukaenda nyuma. Taa ndogo zilikuwa zimefifia kama koroboi inayoishiwa mafuta, na indiketa, ambazo hakuna aliyeziwasha, zilikuwa zinameremeta kwa mbali. Akachomoa ile fimbo: taa ndogo zikapata nguvu kidogo, indiketa zikazima. Akairudisha, hali ikarudi ileile.

"Umeona? Umeme unafika. Njia ya kurudi ndiyo hamna, sasa unapita kwa majirani."

Akachukua kipande cha waya, ncha moja akaishika kwenye chuma cha chesisi alichokisugua kwa msasa, nyingine akaigusisha kwenye waya wa ethi wa taa, yaani ile njia ya kurudi. Taa zote mbili za breki zikawaka nyekundu mpaka nikacheka. Akiutoa, giza. Akiurudisha, zinawaka. Miezi miwili nimehangaika, yeye amemaliza kwa waya wa urefu wa mkono!

Boliti ya ethi ilikuwa nyuma ya taa ya kushoto, pale ambapo maji ya samaki yanatua. Ilikuwa imevaa ukoko mweupe kama magadi, na chini yake ukijani. Alipoigusa kwa spana, kile kijipete cha waya kikabaki vidoleni mwake, kikavunjika kama ganda la yai. Akakinusa. "Hii ni kayabo," akasema, na hata hakuwa ameuliza nabeba nini. Akanieleza kwamba taa ndogo inakula wati 5 tu, kwa hiyo hata kwenye kutu inajikongoja. Ya breki inataka wati 21, ile njia nyembamba haiitoshi. Ndiyo maana moja ilionekana nzima na nyingine imekufa, ilhali ugonjwa ni mmoja.

Akachimba mengine. Globu ya kulia wale vijana waliisukumiza kinyume. Zile za nyuzi mbili, mmoja wa taa ndogo na mwingine wa breki, zina vipini viwili pembeni, kimoja juu kidogo ya mwenzake, ili zikubali kuingia upande mmoja tu. Wao walitumia nguvu. Kwa hiyo upande huo taa ndogo ingewaka kali na breki ingewaka hafifu. Na swichi yangu ya zamani, niliyokuwa nayo kwenye mfuko, aliiweka kwenye testa: ukiachia kile kichwa chake inawaka, ukikibonyeza inazima, ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu pedali ikiwa imepumzika ndiyo inayokibonyeza. Nzima kabisa. Pesa yangu ilinunua swichi ya kuweka kabatini.

Akavuta waya mpya wa ethi kwa kila taa, akafunga kwenye chuma safi kwa juu, mbali na maji, akapaka grisi. Ufundi elfu 15, waya na boliti elfu 4. Leo ni mwezi wa tatu tangu atengeneze, zinawaka.

Sasa lawama. Hana risiti, kwa hiyo gari la ofisi usilipeleke. Simu hapokei. Mvua ikitisha anafunga vitu anaenda nyumbani. Hakuna pa kukaa, nilisimama saa mbili nzima nikifuata kivuli cha mwarobaini kinavyohama. Hayo yote nimemsamehe. Ila skrubu moja ya kioo cha taa ya kulia aliidondosha mchangani, tukaitafuta wote wawili tumeinama, hatukuiona, akaniwekea ya kabati la nguo. Inacheza. Nyota ya tano iko kwenye mchanga huo.