Simtank (tenki la maji la nyumbani) lipi ununue? Nimeyapanga kuanzia la kwanza mpaka la kukimbia

Kabla hujashuka Kariakoo kuulizia bei, kaa chini upige hesabu ya ndoo. Wengi wanaanza na "nataka la lita 5,000" kwa sababu jirani analo. Mtu mmoja akioga, akifua, vyombo na choo, weka ndoo 4 za lita 20 kwa siku, kwahiyo watu 5 ni lita 400, afu jiulize mtaani kwenu maji yakikatika yanarudi baada ya siku ngapi. Kama ni 4 au 5 basi lita 2,000 inakutosha. Ule mgao wa maji wa Dar wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua maji, ndo ulinifundisha hii hesabu, kabla ya hapo nilikuwa nabahatisha tu.

Namba moja kwangu, bila kufikiria mara mbili, ni tenki la plastiki jeusi la kusimama, lita 2,000. Ukihitaji zaidi ongeza la pili uyaunganishe kwa bomba, kila moja na koki yake. Moja likipasuka au ukiamua kuliosha, lingine linaendelea na kazi, na kulileta nyumbani kirikuu tu, kile kipikapu kidogo, inatosha. Jeusi kwa sababu mwanga ukipenya ndani, maji yanaota ule utando wa kijani. Pale dukani washa tochi ya simu, iweke ndani, zungukia nje kivulini: ukiona mwanga unapita ukutani, plastiki ni nyembamba, achana nalo hata kama muuzaji anakuapia kwamba ukuta wake una leya (tabaka) tatu. Angalia pia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), lita ziwe zimeandikwa kwenye tenki lenyewe, na kadi ya waranti igongwe muhuri palepale mbele yako.

Sasa hapa pa waranti nisikilize vizuri maana pamenitia hasara. Mi nilinunua la 5,000 nikalipandisha kwenye kichanja kilichojengwa kwa ajili ya la 2,000, fundi akapanga mbao zimeachana kama vidole, akaniambia bosi hii haiendi popote. Lita 1 ni kilo 1, yaani lile tenki likijaa ni tani 5, ni kama umepandisha Land Cruiser mbili juu ya mbao! Miezi michache kitako kikabonyea kwenye zile nafasi, ufa ukaanzia pale bomba linapotokea, usiku mmoja maji yote chini. Nikarudi dukani na kadi yangu, wakaniuliza swali moja tu, ulilikalisha juu ya nini. Yakaishia hapo. Na kusema kweli walikuwa sahihi, ila waliponiuzia hawakuniambia kitu. Kitako kizima kinatakiwa kukaa juu ya kitu bapa, slabu ya zege ndo mwisho wa maneno, na ukikosa basi mbao nene zilizobanana zisizo na pengo. Kwahiyo bei ya tenki na bei ya mnara ni bajeti moja, usije ukamaliza hela yote dukani. Na usimruhusu mtu akuwekee hata la 1,000 juu ya mbao za dari, hiyo ni tani nzima juu ya vichwa vya watoto.

Urefu wa mnara nao: kila mita 10 zinakupa presha ya bar 1, kwahiyo mnara wa mita 3 ni kama bar 0.3, ndoo utajaza, shawa itadondoka kivivu. Ghorofa hapo hakuna ujanja, ni pampu au tenki likae juu kuliko bafu la mwisho.

Namba mbili ni kisima cha zege cha chini ya ardhi. Hiki ni kwa mwenye wapangaji wengi, maana boza, lile lori la maji, likija na lita 10,000 na we una tenki la 2,000, lita 8,000 zinazobaki unampelekea nani? Shida zake: lazima pampu inyanyue maji kwenda tenki dogo la juu, na umeme ukikatika mnatoa kwa kamba na ndoo kama zamani. Zege likipasuka maji yanavuja na huoni, na uchafu wa nje unaingia na huoni pia, kwahiyo kaa mbali kabisa na shimo la choo na mfuniko uinuke juu ya uwanja ili maji ya mvua yasitiririkie ndani.

La chuma nimeliweka la tatu, kwa huku pwani sishauri, hewa ya chumvi na maji ya kisima yenye chumvi vinalila pande zote mbili.

La kukimbia ni yale meupe ya mraba ya lita 1,000 yenye wavu wa chuma nje. Bei inavutia aisee, lakini mengi yameshabeba kemikali na muuzaji mwenyewe hajui ilikuwa ipi. Kumwagilia bustani ya maua sawa, kupikia hapana.

Ukishanunua, kwenye bomba la kuingilia weka boya la kufunga maji tenki likijaa, na pale maji yanapofurikia funga wavu mdogo, mbu wa dengue anapenda maji safi yaliyotulia na Dar 2019 tulimuona. Na siku hiyohiyo tenki likipanda juu lijaze maji angalau robo, kavu ni jepesi, upepo ukivuma usiku asubuhi utalikuta kwa jirani.