Duka la rangi la Mwanakwerekwe, baada ya masika moja

Assalam alaykum. Tulipopaka nyumba yetu kwa rangi ya duka hili nlisema ntaandika maoni yangu nikishapitisha masika moja na masika imeshapita, kwa hiyo haya nayaona kwenye ukuta wangu mwenyewe.

Duka lenyewe liko Mwanakwerekwe, hapa Unguja, dogo tu, wana mashine ya kuchanganya rangi na ndoo zimepangwa mpaka nje mlangoni. Anaeuza ni mzee mmoja na kijana wake. Nyumba yetu iko Dole, vyumba vitatu, bati la kijani, kuta za nje kama mita za mraba 160 hivi.

Mara ya kwanza tulipaka kijivu kile cha kukoza na madirisha meusi, mana ndo fasheni skuizi, ukifungua simu kila nyumba mpya ni kijivu na nyeupe, za Dubai, za Uturuki, na mie nkapenda wallahi. Rangi tulinunua pahala pengine, sipataji. Mwaka wa kwanza watu wakipita wanatusifu, lakini ule ukuta wa magharibi ukiuwekea kiganja saa kumi jioni huwezi kukiacha, na saa tatu usiku chumba cha watoto bado kinapumua moto, feni inazungusha hewa ya moto tu. Mwaka wa pili ukigusa ukuta mkono unatoka na unga, afu chini kote kumeingia wekundu wa udongo, ukisugua ndo unaupaka zaidi. Baadae ndo nkajua tuliuziwa rangi ya ndani tukapaka nje.

Sasa huyu mzee nilimuendea na picha kwenye simu kama kawaida. Hakuitizama. Kaniuliza, "Nyumba iko wapi mwanangu?" Nkamwambia Dole. "Udongo mwekundu huo. Jua la jioni linapiga ukuta wa chumba gani? Upande wa kibla, kaskazini, kuna miti? Ukuta una miaka mingapi? Matofali yalipigwa kwa mchanga wa wapi?" Nimejibu yote nimesimama pale kama nahojiwa, na watu nyuma yangu wanangoja, na hakuharakisha hata kidogo. Mchanga ukiwa na chumvi ya bahari, anasema, chumvi inatoka nje pole pole na kuibandua rangi, kwa hiyo lazima upige praima, yaani rangi ya awali, kwanza. Na kwa nyumba mpya plasta iachwe ikauke sio chini ya siku 28, watu wengi wanapaka wiki ya pili kwa sababu harusi imekaribia au wageni wanakuja, afu wanailaumu rangi.

Nkamuuliza kwa nini nyumba za shamba nyingi ni krimu juu na damu ya mzee chini, mana mie siku zote niliona ni rangi za kizee. Akaniambia mvua ya masika ikipiga chini inarusha udongo mpaka kufika goti, wengine mpaka kiunoni, kwa hiyo watu walichagua rangi ya chini ifanane na kitakachorushwa, na juu wakaweka rangi nyepesi ili jua lisiingie ndani ya ukuta. Akaniambia niende na udongo wa kwetu. Nilidhani ni maneno tu, nilipouleta kwenye mfuko wa nailoni kautia maji kidogo, kaupaka kwenye kipande cha karatasi, kaukausha juani, afu kachanganya damu ya mzee mpaka vikakaribiana. Sijawahi kuona muuza duka akifanya hivyo.

Na nyekundu na manjano zile zinazong'aa sana hakutaka kuniuzia kwa nje. Anasema nyingi zinapauka kwa jua, lakini zile zinazotokana na kutu ya chuma, yaani rangi za udongo, damu ya mzee, kahawia, manjano ile iliyofifia, zinadumu. Njiani kurudi nilikaa dirishani kwenye gari nikatizama nyumba zote mpaka nafika. Kweli, zilizokuwa za kung'aa zimebaki kama khanga iliyofuliwa miaka kumi, na zile nlizoziita za kizee ziko vile vile.

Nyumbani ilikuwa mjadala. Mume wangu alitaka buluu bahari kwa sababu kakulia Nungwi na anasema nyumba bila ya buluu haimtulizi. Mama alitaka pichi, chumba chake cha harusi kilikuwa pichi. Jirani yetu mmoja akatushauri tusipake kijani na mkanda wa manjano, na bati lenyewe ni la kijani, watu watasema tumepaka rangi za chama, CCM, na hili usilione dogo, mtu hapa anaweza kuikataa rangi anayoipenda kwa ajili ya hilo tu. Mwengine anakimbia rangi ya kuvuta macho kwa kuogopa husuda. Kwa hiyo nyumba ya mtu ukiiona ni krimu usifikiri hakufikiri, kuna mambo mengi yamepimwa pale. Mwisho tukakubaliana nje krimu iliyotiwa manjano ya udongo kidogo, chini damu ya mzee, mama kapata pichi yake chumbani, na mume wangu kapata buluu hafifu ukumbini ambako jua halifiki na mtu akiingia kutoka nje anasikia ubaridi.

Jambo jengine nililolipenda, hawakuachii kuchagua kwa kadi chini ya taa. Mzee alinitoa nje juani na kadi, afu kaniuzia ya kujaribia nusu lita, akaniambia nipake kipande kama mita moja ukuta wa magharibi na kipande ukuta wa kibla, nitizame asubuhi, adhuhuri na magharibi kwa siku mbili. Ile krimu niliyoipenda kwenye kadi ukutani ilikuwa manjano kama ya dau la mashindano! Rangi ikienea ukuta mzima inakoza kuliko kwenye kadi. Tukashusha.

Na nimemuamini zaidi kwa jambo la khalati yangu. Yeye anaishi Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, kuta zinatoa maji na rangi inavimba kama malengelenge. Nilimpeleka tununue rangi nzuri ya nje. Mzee kakataa kumuuzia. Kamwambia ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavuta unyevu na lazima uutoe, ukiuziba kwa saruji au rangi ya plastiki maji yanabaki ndani yanaula ukuta, nenda katafute chokaa, na kabla ya kugusa kitu waulize Mamlaka ya Mji Mkongwe mana mji umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tokea 2000. Kapoteza biashara ya ndoo tatu mbele ya macho yangu. Khalati akakumbuka bibi yetu alivyokuwa akiroweka chokaa kwenye pipa na kutia buluu ile ya kufulia kanzu ili weupe uwake. Weupe wa mji ule haukuanza kama fasheni, chokaa ndo ilikuwepo, inachomwa kutokana na mawe hayo hayo, na nyeupe ikawa ndo rangi ya mji.

Sasa malalamiko, mana yapo. Tulinunua ndoo mbili za lita 20, moja Jumamosi na moja Jumatano kwa sababu pesa haikutimia. Ya pili kachanganya kijana, na hesabu za mchanganyiko wa mara ya kwanza hazikuandikwa popote, wala juu ya kifuniko. Fundi kafika katikati ya ukuta wa mbele, jua likapiga, mstari unaonekana kabisa, huku krimu huku kama maziwa. Nililia. Mzee kakubali kosa, karekebisha ndoo bila ya kutoza, akamwambia fundi amimine zote kwenye pipa moja akoroge ndo aendelee, lakini siku moja ya fundi nimelipa mie na hilo halikunipendeza. Waandike hesabu za rangi kwenye kila kifuniko, ni kalamu tu. Pia foleni, Jumamosi nilikaa saa mbili nzima, na pahala pa kukaa hamna, watu wazima wanasimama juani.

Masika hii udongo umeruka kama kawaida na chini sioni doa. Ukuta wa magharibi unagusika jioni, watoto wanalala bila ya kuhamia ukumbini. Upande wa nyuma penye kivuli cha mwembe kumeota ukungu wa kijani kidogo, mzee alishanambia utaota, nikate matawi au nisugue, na mwembe siukati.

Nyota nne. Ukenda nenda asubuhi siku ya kazi, Ijumaa wanafunga mapema kwa sala, nunua rangi yote siku moja, na chukua udongo wa kwenu kwenye mfuko.