Video prosesa ya mtumba: nzuri, ila usiiache kwenye oto

Mi niko Busia, upande wa Uganda, na hapa vitu vya umeme vya mtumba vinapita kila siku, kwa hiyo nilipoiona hii video prosesa kwa laki tatu na nusu za kwetu sikuwaza sana. Muuzaji akaniambia, "ssebo, chomeka tu, itajipanga yenyewe." Wapi! Nimekaa nayo miezi minne na naipa nne juu ya tano, lakini hiyo nne imekuja baada ya kuingia kwenye menyu na kurekebisha kila inputi, yaani kila tundu la kuingizia picha, kivyake. Kabla ya hapo ilikuwa mbili, tena za huruma.

Kwa asiyeijua, inakaa katikati: dikoda, DVD na laptop zinaingia huku, projekta inatoka kule, yenyewe inasafisha picha na kuzitoa zote kwa saizi moja, yangu ni 1080p.

Dikoda ndo ilinitesa. Kamera ikimfuata winga, uwanja wote unarukaruka. Nikalaumu dikoda, nikalaumu waya, nikanunua waya mwingine wa HDMI elfu ishirini, pesa ya bure. Kumbe matangazo yetu huku ni Hz 50, yaani picha 50 kwa sekunde, na mashine ilikuwa imefungwa kutoa Hz 60 saa zote, kwa hiyo kila sekunde inalazimika kubuni picha kumi za kujazia ndo maana mwendo unakwamakwama. Nikaiambia inputi hiyo itoe 50 na mpira ukatulia palepale. Halafu kuna overiskani, ilikuwa inakata kingo, na matokeo si yanaandikwa kona ya juu, basi mimi naona nusu ya jina la timu na dakika sizioni kabisa. Nimeishusha mpaka sifuri.

Kwenye laptop shida ilikuwa weusi. Mtu akivaa suti nyeusi anakuwa doa, huoni kola wala kifungo. Laptop yangu inatuma rangi kuanzia 0, ambayo ndo weusi kabisa, hadi 255, mashine inasubiri 16 hadi 235, kwa hiyo kivuli chochote cha chini ya 16 kinazikwa. Geuza upande mmoja tu ufanane na mwingine! Mimi usiku ule kwa haraka nikageuza laptop na mashine zote mbili, picha ikatoka kama imepakwa majivu, nikaenda kulala na hasira.

DVD haikunisumbua, ni nyaya tatu za kijani, bluu na nyekundu, japo nilibadilisha bluu na nyekundu watu wakawa na nyuso za bluu watoto wakacheka. Sinema za zamani ziwekee umbo la 4:3 la sivyo kila mtu ananenepa.

Sauti nayo ilitangulia mdomo kidogo, maana picha inachukua muda humo ndani. Kuna sehemu ya kuchelewesha sauti, nimeweka milisekunde 80 kwa dikoda. Jaribu na taarifa ya habari, usijaribu na sinema za VJ, yule anayetafsiri juu ya sinema, zile midomo haijawahi kukutana na Kiganda tangu zamani.

Ninachokichukia ni kitufe cha kunakili setingi kwenda inputi zote. Kiko jirani kabisa na cha kuhifadhi, herufi ndogo kama za chupa ya dawa, na nimeshakibonyeza mara mbili nikapoteza kazi ya jioni nzima. Sasa nimeandika namba zote kwenye karatasi nikaibandika chini ya meza. Na ukiwa na kifaa cha 4K achana nayo, hii ni ya enzi ya kabla.

Mzee wa kibanda cha video hapa jirani ameshakuja mara mbili kuulizia bei, nimemwambia angoje kwanza ligi iishe.