Kabla hujalipia zana ya kuchora madirisha ya programu, zalisha msimbo mara mbili

Mwezi uliopita nilipoteza kazi ya wiki tatu kwa kubofya mara moja. Nilikuwa nimelipia mwaka mzima wa zana ya kugeuza mchoro wa kiolesura kuwa msimbo wa programu ya kompyuta. Siku ya kwanza ilinifurahisha sana: naburuta vitufe, napanga visanduku vya maandishi, nazalisha, dirisha linafunguka. Nikaketi kuandika kazi zenyewe, yaani maagizo ya kila kitufe kifanye nini, ndani ya faili nilizopewa. Ile ya kukagua tarehe kabla ya kuhifadhi rekodi peke yake ilinila siku mbili. Kisha mteja akataka kitufe cha kuchapisha. Nikarudi mchoroni, nikakiongeza, nikazalisha tena. Kitufe kilikuja, lakini msimbo wangu wote ulikuwa umefutika. Pale penye kazi ya Hifadhi palibaki mabano mawili matupu.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia rangi wala wingi wa vijenzi. Nauliza swali moja tu: ukizalisha mara ya pili, ulichoandika kwa mkono kinapona?

Namba moja ni Qt Designer, zana ya kuchora madirisha ya Qt (maktaba ya vijenzi vya programu), na sifichi kwamba naipenda. Mchoro unakaa kwenye faili ya .ui, ambayo ni XML, maandishi yenye lebo, unayoweza kuifungua na kuisoma. Zana iitwayo uic huigeuza kuwa msimbo wa lugha ya C++. Kwa Python iko pyside6-uic. Faili inayotoka huigusi kamwe, na juu yake kabisa pana onyo kwamba mabadiliko yote yatapotea ikizalishwa upya. Wewe unaandika darasa lako (fungu la msimbo linaloshika dirisha na kazi zake) kwenye faili nyingine, unaita setupUi inayolijenga dirisha, unaunganisha vitufe na kazi zake. Chora upya hata mara mia, msimbo wako uko salama. Kinachoweza kuvunjika ni jina. Ukiacha kitufe kiitwe pushButton_7, halafu baadaye ukibadilishe jina, C++ itagoma wakati wa kujenga, lakini Python itanyamaza mpaka programu iendeshwe. Vipe vitufe majina siku ileile unayovichora. Angalia na leseni: PySide6, maktaba ya kutumia Qt kwa Python, inapatikana kwa leseni huria ya LGPL, inayokuruhusu kuuza programu bila kuweka wazi msimbo wako ukitimiza masharti yake. Mwenzake PyQt6 ni GPL, inayotaka ukisambaza programu utoe na msimbo wako, la sivyo ulipie.

Ya pili ni Windows Forms ndani ya Visual Studio, zana ya Microsoft ya kuandikia programu. Tangu toleo la 2005, darasa moja la lugha ya C# hugawanywa katika faili mbili: mchoro unaandikwa kwenye .Designer.cs, wewe unabaki na yako. Usiweke mkono ndani ya InitializeComponent, kazi inayolijenga dirisha, maana kichoraji kitapaandika upya. Toleo la Community ni bure kwa mtu binafsi, ila kampuni yenye mapato ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka hairuhusiwi kulitumia kwa kazi zake za kawaida. Na programu utakayotoa ni ya Windows tu.

Delphi, zana ya kuandikia programu iliyotoka mwaka 1995, ingeweza kugombea nafasi ya kwanza kwa swali langu. Mchoro uko kwenye .dfm, msimbo kwenye .pas, na ukibofya kitufe mara mbili inakuwekea kazi tupu ndani ya faili yako bila kugusa kilichopo. Nimeishusha kwa sababu ya leseni: toleo la bure lina kikomo cha mapato ya dola 5,000 kwa mwaka. Fundi anayeanza kupata wateja hufika hapo haraka.

NetBeans, inayotumika zaidi kwa lugha ya Java, hufunga sehemu iliyozalishwa kwa rangi ya kijivu, huwezi kuandika humo. Ni kinga nzuri, lakini usipoteze faili ya .form, kwani bila hiyo kichoraji hakifunguki.

Za bure nyingine: Lazarus inafanana sana na Delphi. wxFormBuilder hukupa darasa mama, wewe unalirithi, yaani unaandika darasa lako juu yake. Glade, ya kuchorea madirisha ya GTK (maktaba ya vijenzi inayotumika sana kwenye Linux), iliishia GTK 3. Kwa GTK 4 tafuta Cambalache.

Wauzaji nao wanatuumiza. Video zao hukatika baada ya kuzalisha mara ya kwanza, dirisha likiwa bado linang'aa. Toleo la majaribio limefungiwa kutoa msimbo, yaani kile hasa unachotaka kukijaribu ndicho hukioni mpaka ulipe. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukiacha kulipa, mchoro wako unabaki kwenye faili isiyofunguka kwingine.

Ukipewa nafasi ya kujaribu, fanya hivi: chora kitufe, zalisha, andika mstari mmoja ndani ya kazi yake. Rudi mchoroni, kisogeze kidogo, zalisha tena, kisha utafute mstari wako.

Mimi niliandikia huduma kwa wateja wa ile zana nikaeleza yaliyonikuta. Walinijibu niwe natunza nakala kabla ya kuzalisha. Hela hawakurudisha.