Kitanda cha boliti kutoka karakana ya Mbauda: miaka sita na uhamisho mmoja mrefu

Kitanda chetu cha kwanza kilivunjikia ndani ya chumba, Tabora, mwaka 2019, siku tuliyokuwa tunapakia kuja Arusha. Kilikuwa cha mninga mtupu, zawadi ya harusi kutoka kwa kaka zangu, kimeshikwa kwa gundi na misumari. Kiliingia kwa kupitia dirishani kabla mwenye nyumba hajaweka nondo, kwa hiyo siku ya kutoka hakikutoka. Mume wangu ni askari, tarehe ya kuripoti ilikuwa imeshapangwa, lori linangoja nje. Vijana wakakipiga nyundo mpaka mbavu zikapasuka. Vipande nikamwachia jirani, akapikia maharage. Nililia, na sioni aibu kusema.

Tulipofika Arusha nilielekezwa kwa fundi mmoja nyuma ya soko la Mbauda. Karakana yake ni ya mabati, ina mashine moja ya kupasulia mbao na meza mbili za randa, basi. Nikamwambia nataka sita kwa sita ya mninga. Hakuniuliza vanishi ya rangi gani wala maua ya kichwani. Aliuliza, "Mama, mnahama mara ngapi?"

Alinitengenezea kitanda kinachofunguka. Kichwa na miguu vinaungana na mbao za ubavuni kwa boliti nane, mbili kila pembe, na kila ubavu una ulimi unaoingia kwenye tundu lake, kwa hiyo uzito unabebwa na mbao, boliti kazi yake ni kubana tu. Kila pembe ameitia alama kwa patasi: mkato mmoja, miwili, mitatu, minne. Usiku umeme umekatika utazipapasa na kujua ipi inakwenda wapi. Spana namba 17 inatosha. Mume wangu na mwenzake walikifungua kwa muda ambao chai ilikuwa bado inachemka jikoni.

Niliwahi kuona kabati la MDF la dukani kwa rafiki yangu, ambaye mume wake naye ni askari. Likiwa jipya linapendeza. Ukilifungua na kulifunga mara ya pili, skrubu hazishiki tena, maana ule ni unga wa mbao uliogandishwa, na likipata maji linavimba kama mkate. Kwa familia inayokaa mahali pamoja sina neno. Kwa sisi ni hasara.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni kabati ambalo fundi huyu alikataa kunitengenezea.

Mwaka jana mkataba wa mume wangu ulikuwa unakaribia kuisha. Ukifika mwisho askari anasaini tena au anarudi uraiani, na sisi tulikuwa hatujakubaliana. Mimi nilitaka arudi. Tuna nyumba ya vyumba viwili Ngaramtoni, tuliijenga tofali kwa tofali, mama mkwe anaishi nasi na presha yake inapanda na kushuka, na binti yetu mkubwa alikuwa anaingia darasa la saba. Yeye alitaka kuendelea. Baba yake alipigana Vita ya Kagera mwaka 1978 na 1979, na hilo sanduku la bati alilorudi nalo bado liko chini ya kitanda cha mama mkwe. Kwa mume wangu jeshi ni kazi anayoipenda na kuiheshimu, na nilijua hivyo tangu ananichumbia.

Basi bila kumwambia nikaenda Mbauda na shilingi laki nne, kuagiza kabati la ukutani, lile la kujengewa kabisa kutoka sakafu hadi dari. Nilidhani likishasimama pale atatulia. Fundi alikuja Ngaramtoni akapima, akarudi kwake, akaandika vipimo kwa chaki kwenye bati la karakana. Kisha akanirudishia hela yangu. "Kabati la ukutani halina boliti, mama. Nikilifunga limefungwa. Baba amekubali kukaa?" Nikanyamaza. "Kaongeeni kwanza. Mbao zangu haziozi."

Nilikasirika njia nzima ndani ya daladala. Usiku ule tuliongea mpaka majogoo. Nilimwambia mambo ambayo nilikuwa nayazunguka kwa miezi: kwamba nachoka kuanza upya, kutafuta shule, kutafuta mteja wa vitenge vyangu, kutafuta hata mtu wa kumwachia ufunguo. Naye akaniambia kwamba anaogopa kuondoka jeshini bila kitu cha kushika mkononi, wakati ada ndiyo kwanza inaanza. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Tulikubaliana asaini, lakini kabla ya kusaini amweleze mkubwa wake habari za mtoto na za mama, mapema, kwa utaratibu, asisubiri amri itoke ndipo aanze kuomba huruma.

Alisaini. Aprili mwaka huu amri ikatoka: Mtwara. Ni zaidi ya kilomita 1,100, unashuka Moshi, unapita Dar es Salaam, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na bado safari ipo. Mtahiniwa wa darasa la saba akishasajiliwa kwenye shule yake, kumhamisha katikati ya mwaka ni kumchezea. Kwa hiyo mume wangu akatangulia, mimi na watoto tumebaki hadi mtihani wa Septemba upite.

Tuligombania kitanda, kila mmoja akitaka mwenzake abaki nacho. Nikashinda mimi. Nilitaka akikuta chumba kitupu kule, akifunge kwa mikono yake, pembe ya kwanza mpaka ya nne, ajue nyumbani kumeshaanza kuhamia. Mimi nalala na mdogo wetu kwenye kitanda chake, miguu inaning'inia kidogo, navumilia.

Likizo ya Juni nilikwenda kukiona. Kimesimama imara, hakilii hata ukigeuka. Kasoro nilizoona ni hizi. Droo ya chini imevimba kwa unyevu wa bahari, unaivuta kwa nguvu. Fundi anasema angejua tunakwenda pwani angeacha nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo mwambieni mapema. Boliti mbili zimeanza kutu. Za kwetu ni za chuma cheusi, ombeni zile zilizopakwa zinki, tofauti ya bei ni ndogo mno. Na jambo la tatu, fundi hatunzi tarehe. Aliahidi wiki mbili mwaka ule wa 2019, akatoa baada ya tano, na kwa mtu mwenye tarehe ya kuripoti hilo si dogo. Agiza mapema, mfuatilie kwa simu, na dai risiti, maana asipodaiwa haandiki.

Nililipa laki sita na ishirini kwa kitanda na chaga zake, nusu mwanzo, nusu wakati wa kuchukua. Sasa amepandisha, lakini ukimwambia ni ya kuhama anakuongezea boliti na nati mbili za akiba bila malipo. Zifungeni kwenye kitambaa pamoja na spana, mzitundike chini ya chaga. Zikienda na masufuria hamtaziona tena.

Wiki iliyopita nilipita Mbauda kumlipa deni la stuli. Vile vipimo vya kabati bado viko kwenye bati, chaki imefifia kidogo, na pembeni ameandika "Ngaramtoni, wasubiriwe".